Kitalu cha Maua cha Gitothua

Mimi nilisoma masomo ya jioni pale Thika, diploma ya ujenzi, na nilisinzia darasani mpaka dawati likanizoea kama mto. Lakini nilipita. Ofisi ya barabara ikaniajiri kusimamia mikataba, nikaanza kubeba faili nene kuliko godoro la bweni. Kazi yenyewe ni kuhakikisha kontrakta anafanya kilichoandikwa, halipwi kwa kisichoandikwa, na hachelewi. Ukiiweka hivyo inaonekana kazi ya mtoto.

Barabara moja ya Gitothua tulikuwa tunaipanua. Asubuhi moja kontrakta akanipigia simu, anapayuka hata watu wa mtaa jirani wa Kimbo wangemsikia bila simu. "Boss, njoo! Kuna mzee ameweka kiti mbele ya tingatinga na hatoki."

Nikamkuta mzee amekaa kweli, kwenye kiti cha plastiki, katikati ya maua. Alikuwa muuza chakula cha mifugo, mwenye ploti, koti lake limejaa vumbi la pumba. Nyuma yake vyumba vya kukodisha vilibanana kama meno. Mbele, fensi ya miti ya miiba, kayaba, ilikuwa imeshang'olewa. Kati ya vyumba na barabara kilibaki hicho kitalu tu, cha maua mekundu na meupe.

"Habari ya asubuhi, mzee?"

"Ya kuchimbwa."

Nikacheka, nikidhani tutaelewana. "Lakini mzee, haya maua yalihesabiwa na fidia ikatoka. Yako kwa karatasi."

"Maua mlihesabu. Na aliye chini yake?"

Mwendesha tingatinga alizima injini bila kuambiwa.

Chini yake alikuwa mkewe. Alimzika pale wakati Gitothua ilikuwa bado mashamba. Msalaba wa mbao uliliwa na mchwa, naye akapanda maua badala yake. Wathamini walipokuja yeye alikuwa dukani. Wakaona maua, wakaandika maua. Alipoletewa karatasi aweke sahihi, alielewa kwamba njia ya waenda miguu itapita juu, basi. Hakujua kwamba chini ya njia hiyo kuna mtaro, na mtaro huo unazama kupita kimo cha mtu.

"Kando yake niliacha nafasi yangu," akasema, akigonga udongo kwa kisigino. "Hapa. Mimi nitalala hapa."

"Sasa mbona hukusema, mzee?"

"Nani aliniuliza? Na wewe nasikia ulisomea usiku. Ndiyo maana huoni mchana."

Vibarua walicheka mpaka wakashikilia masepetu wasianguke. Hata mimi nilicheka. Mzaha ulikuwa mzuri.

Ofisini nilipekua mkataba mpaka kurasa zikaomba maji. Kuna orodha ya kazi zote na bei zake, na mle ndani kuhamisha bomba la maji kumo, nguzo ya stima imo, geti limo, hata mzinga wa nyuki umo. Kaburi halimo.

"Tuhamishie mtaro upande ule mwingine," nikamwambia injinia wangu.

"Upande ule ni mlima. Maji hayapandi kwa kuhurumia mtu."

"Basi tuupindishe kidogo pale kwake."

"Uingie wapi, chini ya vitanda vya wapangaji?"

Nikachora mwenyewe, mara hivi, mara vile. Kila mchoro uliangusha chumba cha mtu au ulirudisha maji barabarani. Kontrakta naye kila kukicha alituletea barua kwamba mashine yake imekaa bure. Mwishowe tukaomba kibali cha kumfukua mke wa mzee azikwe kwingine.

Mimi ni mtu wa kuchangamsha hata matanga. Siku ya kumfukua nilibaki kushika faili. Mzee aling'oa maua kwa mikono, mizizi na udongo wake, akayaweka kwenye gunia la pumba. Hakutaka kusaidiwa. Mwendesha tingatinga alisimama mbali, kofia mkononi.

Kwenye makaburi ya umma walimpa mkewe nafasi kwenye mstari. Kushoto alilala mtu asiyemjua. Kulia shimo lilikuwa tayari, linangoja mwingine. Mzee aliangalia kushoto, akaangalia kulia, gunia likiwa bado begani.

"Na mimi?"

"Tutaangalia, mzee," nikamjibu. Hiyo ndiyo lugha ya ofisi yetu. Maana yake hakuna atakayeangalia, na nadhani alijua.

Barabara ilipokamilika tulikwenda kuikagua: injinia, kontrakta na mimi. Njia ya waenda miguu ilikuwa laini hata ungeweza kupigia pasi shati juu yake. Tukamwona mzee anakuja kutoka dukani. Alipofika mbele ya ploti yake akashuka kwenye lami, akatembea katikati ya malori mpaka akapita pale palipokuwa na maua, kisha akapanda tena njiani.

"Njia ina kasoro gani pale?" injinia akauliza. "Iandike."

"Haina kasoro," nikasema.

Jioni nikarudi peke yangu kumsalimia. Nilimkuta ameshashuka tena barabarani, nami nikashuka nikamfuata. Lori la mawe likafunga breki nyuma yetu, vumbi likatufunika. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Wewe mzee! Unataka kufa?"

Mzee hakumgeukia dereva. Alinitazama mimi.

"Nikufe niwekwe wapi?"