Maoni Yako Yamezingatiwa

Ofisini walimwita Muhuri, na jina hilo lilimkaa kuliko alilopewa na mama yake. Kwa miaka kumi na tisa alipokea barua za watu waliotoa maoni juu ya rasimu za viwango vya ubora, vya misumari, majiko na hata ngazi, akazigonga: MAONI YAKO YAMEZINGATIWA. Nakala ilirudi kwa mwenyewe, barua ikaenda kwenye kamati. Isiyotaja namba ya kifungu ilitiwa kwenye faili la Mengineyo, ambalo kamati haikuwahi kulifungua.

Kaka yake alikuwa fundi wa kuchomelea. Rasimu ya ngazi za chuma ilipotoka, aliandika kwenye karatasi ya daftari kwamba kipago, pale pa kukanyagia, kisichomelewe nukta mbili tu. Kizungushiwe chote, la sivyo kitang'oka. Kifungu hakukitaja, angekijulia wapi? Muhuri aliutambua mwandiko, akatabasamu, akagonga, akaitia Mengineyo. Utaratibu ni utaratibu.

Kaka aliibandika nakala kwenye ukuta wa karakana. "Unaona, mdogo wangu? Wakubwa wamenisikia. Na mimi nilidhani kule kwenu mnalala tu."

"Tunalala kwa zamu," Muhuri alijibu, wakacheka. Alijua hakuna aliyeisoma. Hakuwa na moyo wa kumwambia.

Mwaka uliofuata kipago cha ngazi mpya ya mteja kiling'oka, kaka akaanguka. Hospitali hakufika.

Siku chache baada ya mazishi, shemeji yake, mjane wa kaka, alimkalisha jikoni.

"Wenzake wanasema ngazi ile ilikuwa na alama ya ofisi yenu," alisema. "Unamjua kaka yako, ngazi ya mtu hapandi mpaka aikanyagekanyage kwanza. Hiyo hakuijaribu. Alisema, hii niliisemea mwenyewe." Akaiweka ile nakala mezani. "Shemeji, yamezingatiwa maana yake nini?"

"Maana yake barua imefika," Muhuri alijibu.

"Basi?"

"Basi, shemeji."

Hakulia, wala hakumtukana. Aliinuka, akaanza kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Kwenye kikao cha kamati Muhuri alizoea kuweka mafaili mezani na kutoka. Safari hii alibaki amesimama.

"Leo Muhuri ana mdomo," mwenyekiti alitania. "Haya, sema."

Alisema. Kila barua isomwe, yenye kifungu na isiyo nacho; kifungu atakitafuta yeye. Kila mtu ajibiwe kwamba oni lake limekubaliwa au limekataliwa, na sababu iandikwe. Kisha akaisoma barua ya kaka yake kwa sauti, mpaka jina la mwandishi. Hakuna aliyetania tena. Walikubali yote, wakaagiza kiwango cha ngazi kirekebishwe.

Jibu la kwanza la aina ile aliliandika mwenyewe na kulipeleka kwa mkono. Shemeji alisimama mlangoni, akalisoma: limekubaliwa, kwa kuwa nukta mbili hazibebi uzito wa mtu.

"Hiyo barua yake," aliuliza, "kuisoma kulichukua muda gani?"

"Dakika mbili, shemeji. Hazikufika."