Nta Kwenye Kompyuta ya Maji

Fundi Damas hakuwa mtu wa kukaa. Nilimwendesha miaka sita katika Landrova ya idara ya maji, Tabora hadi Kaliua, Kaliua hadi Igunga, na sikumwona hata siku moja akimaliza kikombe cha chai. Anakunywa nusu, anasimama, anakwenda kushikashika kitu. Mimi Yahaya ni mzaliwa wa Tabora mjini, mtoto wa fundi cherehani, nimelelewa nikiona watu wametulia kwenye kazi zao. Mtu wa namna ile alinichosha roho. Ila siku ile ya mwaka sabini na nane, pale Ibambala, hata mimi nilishindwa kukaa.

Ibambala kilikuwa kijiji cha Ujamaa, kando ya barabara ya Kaliua. Watu walihamishiwa pale miaka minne nyuma kutoka makwao msituni, wakaahidiwa shule, zahanati na kisima. Shule ilikuja. Zahanati ilikuja bila dawa. Kisima hakikuja, na kina mama walifuata maji maili nne. Sasa mtambo wa kuchimba ulikuwa umesimama Kaliua ukisubiri vipimo vyetu. Tusipovifikisha kabla ya jua kuzama, kesho yake unakwenda Igunga, na Ibambala wangoje mwaka mwingine.

Vipimo vilitoka kwenye sanduku moja la bati lenye vibao sita vya umeme, vinachomekwa ndani kama vitabu kwenye rafu. Wageni waliolileta waliliita kompyuta. Unafunga nyaya kwenye vyuma vilivyopigwa ardhini, unawasha, taa nyekundu inawaka, tarakimu zinatokea, fundi anajua chini kuna maji au mwamba mkavu. Damas akawasha. Taa haikuwaka.

Tekla, kiongozi wa kina mama wa pale, alikuwa amesimama karibu, yeye na wenzake kumi na wawili.

"Imelala?" akauliza.

"Itaamka tu, mama," Damas akasema, na jasho lilikuwa limeshamtoka.

Akabadilisha betri, akachukua ya gari langu bila hata kuniuliza. Wapi. Akatazama fyuzi, nzima. Akafuata nyaya kwa vidole, moja moja, nzima. Akainuka, akazunguka gari mara mbili, akarudi. Nikamwambia, "Fundi, kaa chini, unanitia kizunguzungu." Hakunisikia. Saa tano hiyo, jua kali, na mimi nahesabu maili za kurudi Kaliua.

Mwishowe akavitoa vibao vyote sita, akavipanga juu ya turubai. Akachomeka cha kwanza peke yake, akawasha. Taa ikawaka. Kina mama wakasogea. Akaongeza cha pili, ikawaka. Cha tatu, ikawaka. Cha nne, ikazima. Nikasema, basi, hicho kimekufa, twende zetu. Yeye akakichomoa, akakihamishia kwenye nafasi ya tano. Ikawaka.

"Kibao ni kizima," akasema. "Ubovu uko kwenye nafasi yake."

Akainamisha uso ndani ya sanduku. Mimi nilisikia harufu kabla sijaona kitu. Asali.

Damas alizaliwa katika nyumba ya warina asali, huko huko Kaliua. Baba yake alikuwa akiziba vifuniko vya vyombo vya asali kwa nta, vumbi wala mdudu asiingie. Wiki iliyopita Damas alipaka nta kwenye ukingo wa kifuniko cha kompyuta kwa sababu hiyo hiyo, na ofisini tulimsifu. Safari ya leo sanduku lilikaa juani nyuma ya gari. Nta ikayeyuka, ikateremka, ikajaa kwenye meno ya nafasi ya nne. Mganga hajigangi.

Angeweza kusema ni vumbi. Nani angejua? Lakini alisimama mbele ya wale kina mama na kucha zake zina nta.

"Mama, nimeiharibu mwenyewe. Nilidhani naikinga."

"Wewe umekosea na umekiri siku hiyo hiyo," Tekla akasema. "Isafishe."

Damas akaomba petroli yangu, nikampa huku nanung'unika. Akasugua kwa kitambaa na njiti mpaka shaba ikang'aa, akaacha ikauke vizuri. Saa saba vibao vyote sita vilikuwa ndani na taa inawaka.

Tukapima. Nyuma ya shule, mwamba. Kwenye zahanati, mwamba. Mahali saba, mwamba mkavu kotekote. Hata mimi moyo uliniuma, sifichi.

"Pima na tunakochota," Tekla akasema.

Akapanda gari kutuongoza. Maili nne za njia ya msituni, tukafika kwenye kisima kifupi kilichochimbwa kwa mkono. Pembeni kulikuwa na kuta za udongo zilizoanguka, mawe ya jiko, na migomba imeota bila mwenyewe. Ndipo nikaelewa. Kumbe kila siku walikuwa wanarudi kuchota maji kwao.

Damas akapima. Maji tele, futi arobaini.

"Mtambo hauchimbi huku," akamwambia kwa sauti ndogo. "Sheria ni penye kijiji kilichoandikishwa."

"Najua. Wakati wanatuhamisha tuliwaambia maji yako huku. Walisema hatuna utaalamu." Tekla akanyoosha mkono. "Wewe unao. Niandikie. Ibambala hakuna maji, kwetu yapo. Hii karatasi nitaipeleka mwenyewe wilayani, waturudishe."

Nikamvuta Damas pembeni. "Ndugu yangu, ukisema serikali iliweka watu pasipo na maji, kazi huna."

Kwa mara ya kwanza nilimwona ametulia. Alikaa juu ya jiwe la jiko la mtu, akaandika taratibu, tarakimu zote, akatia sahihi na jina lake kamili. Halafu akaninyooshea kalamu.

"Inatakiwa shahidi," akasema.

Nilikuwa na watoto watano na kazi moja. Nikasaini.