Kiladini Nikakisikia Kilatini

Hii habari ningeendelea kuificha, maana mpaka leo nikiikumbuka masikio yanawaka moto, lakini mke wangu Neema ameshaanza kuisimulia kwa wenzetu wa hapa Cedar Hill, Texas, kwa namna yake, basi bora muisikie kwangu mimi niliyejiaibisha.

Kazini nina muuguzi mwenzangu anaitwa Marta, katokea milimani kaskazini mwa Italia, kaolewa na Mmarekani, wanakaa mji wa jirani, Mansfield. Alikuwa amemleta mama yake kukaa naye, na mchana mmoja tukiwa tunakula akaniambia mama hana raha, anataka kurudi, hana mtu wa kuongea naye lugha yake. Nikamuuliza lugha gani. Akasema Ladin, mimi nikasikia Latin, yaani Kilatini (huku Texas herufi t wanaitamka wanavyotaka, nimezoea kujisahihishia kichwani), na kwa kuwa niliwahi kusoma seminari nikamjibu kwa kujiamini kabisa, "Hiyo mimi nimeisoma."

Marta akaweka uma chini. "Wewe? Wapi?"

"Kwetu Tanzania, kwa mapadre."

Kumbe akawaza labda padre mmoja wa bonde lao alifika Afrika. Machozi yakamlengalenga. "Jumamosi mama anatimiza miaka themanini. Njoo umsalimie tu."

Tukaenda, mimi na Neema. Nilidhani nitamsalimia pembeni, kwenye kochi, lakini Marta akazima muziki, akawakusanya wakwe na majirani wote, akatangaza kwamba kuna mgeni atakayeongea na mama kwa lugha ya kwao. Mama akasimama, mikono kifuani, ananitazama kama mtu anayesubiri simu ya nyumbani, na hapo Kilatini chote kikanitoka kichwani, salamu zote, kikabaki kitu kimoja tu ninachokijua bila kukosea, ile sala ya kuwaombea marehemu (seminari tuliiimba kwenye kila msiba wa tarafa nzima). Nikaiimba. Tena kwa sauti nzuri, mpaka mwisho.

Mama akafanya ishara ya msalaba na kuitikia inavyotakiwa. Baba mkwe wa Marta akavua kofia. Jirani mmoja alikuwa ameanza kulia. Kisha mama akamnong'oneza binti yake, na Marta akanigeukia akiwa mwekundu.

"Mama anauliza nani amekufa."

Neema alikuwa anaangalia dari. Nikasema mimi nimeongea Kilatini, si ndicho ulichosema. "Ladin," Marta akasema polepole. "Kwa d." Akamweleza mama yake, mama akacheka mpaka ikabidi akalishwe, akanivuta mkono nikae karibu yake.

Aibu ilikuwepo, lakini udadisi ukaizidi, nikaanza kuuliza maswali na Marta akawa anatafsiri. Ni lugha ya mabonde machache, upande mmoja Wajerumani, mwingine Waitaliano, na shuleni watoto wao wanasoma zote tatu. Mama akanilisha turtres, mfano wa chapati ya kukaangwa iliyojazwa mchicha, akanifundisha kusema giulan, yaani asante, na nilipokosea alinirudisha mwanzo kama mtoto wa chekechea.

Halafu akauliza kwetu tunaongea nini. Nikamwambia Kipare.

"Na watoto wako?"

Nikamwambia ukweli, hata nikiwaongelesha Kiswahili wananijibu kwa Kiingereza. Hakunisema. Akaomba nimsalimie kwa Kipare, nikamsalimia, akarudia vibaya, nikamsahihisha, akarudia tena, na nikagundua kwamba ni muda mrefu sana tangu mtu ndani ya Texas aniombe maneno hayo.

Mama hakukaa, alirudi milimani kwake, na sikumlaumu. Marta bado tunakula naye mchana. Ila nimejiapiza, mtu akinitajia lugha nisiyoijua nitasema siijui, kisha nitamwomba anitamkie tena, taratibu, herufi kwa herufi.