Joto Nililolipeleka kwa Mkwe Wangu

Tangu mke wangu alipofariki, mama yake aliendelea kuishi nasi katika nyumba yetu ya zamani hapa Kariakoo. Heshima baina yangu na mama mkwe wangu ilikuwa ya kale. Tulipokutana ukumbini yeye aliuvuta ukaya wake, ule mtandio wa kufunika uso, nami nilisimama kando mpaka apite. Sikuwahi kuvuka kizingiti cha chumba chake, wala yeye hakuwahi kunieleza haja yake kwa kinywa chake. Alipokuwa na neno, alituma mtu.

Ukuta wa chumba chake ulipakana na chumba ambamo binti yangu huhariri video za harusi. Kompyuta yake ni ya mezani, nayo ina kadi ya picha, kile kipande kinachobeba kazi yote nzito ya video. Msimu wa joto uliopita kadi hiyo ilichemka kiasi kwamba mashine ilikuwa ikijizima katikati ya kazi, na maharusi wakawa wanapiga simu kwa hasira.

Ushauri ulimiminika. Huyu alisema tuweke beseni la barafu chini ya meza, yule akasema kitambaa kibichi, na mwingine alisikia kwa shemeji yake kwamba mashine hupoa ikilazwa ubavu. Wote niliwauliza swali nililowauliza vijana wangu nilipokuwa mpima ardhi: umepima, au umesikia?

Mimi nilipima. Kipimajoto kilinionyesha kwamba hewa iliyotoka nyuma ya mashine ilizunguka chumbani na kurudi kuingia mbele ikiwa bado moto. Nilikwenda Mtaa wa Aggrey nikanunua feni za ziada. Mbele nilifunga za kuvuta hewa, na nyuma nikafunga moja kubwa ya kuitoa. Dirisha la chumba kile limezibwa na ukuta wa ghorofa jipya la jirani. Kwa hiyo nilikata maboksi, nikayaunganisha kwa gundi ya karatasi yakawa bomba, nikalielekeza kwenye matundu ya hewa yaliyo juu ukutani. Joto lilishuka, na mashine haikujizima tena. Nilimwambia binti yangu kwamba sasa joto lote linatoka nje.

Nilisema nje. Nyuma ya matundu yale palikuwa na kitanda cha mama mkwe wangu.

Nilijua kwamba chumba chake kiko pale, kama mtu anavyojua mpaka wa shamba asilolilima. Upande wa pili wa ukuta ule sikuwahi kuuona, na kwa hesabu zangu ulikuwa haupo.

Baada ya siku kadhaa akaja mpangaji wetu wa chumba cha mbele, mama anayekaanga samaki anaowanunua soko la Feri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nimetumwa na mtu ambaye hajanituma."

"Basi hujatumwa."

"Mzee nawe. Kwa bibi kumekuwa tanuri. Kikaango changu kina nafuu. Mchana anatandika mkeka uani, karibu na ndoo zangu za samaki, na paka wote wa mtaa wamemzunguka."

"Yeye mwenyewe amesema kuna joto?"

"Bibi amwambie mkwewe hivyo? Alichosema ni kwamba siku hizi jua linachomozea ukutani kwake."

Nimezaliwa pwani. Sentensi ile mtoto angeielewa. Lakini ilinijia kupitia kinywa ambacho mimi nilikwisha kukiweka katika fungu la umbea, nami nilikuwa bado naona fahari juu ya bomba langu. Nilifungua droo, nikatoa kipimajoto, nikampa.

"Kitundike kwake mpaka alasiri, uniletee namba."

Alikitazama, kisha akanitazama mimi. "Mzee, una hakika nikipeleke hiki?"

"Maneno hayana vipimo," nilimjibu.

Hakungoja alasiri. Alikirudisha punde tu, kimefungwa katika kitambaa safi cheupe.

"Amesema mwambie mkwe wangu mimi si maji ya chai, hata nipimwe kama nimechemka."

Wakati huo ndipo uso wangu ulipowaka. Mwanamke aliyenipa mwanawe, aliyeutandika mkeka wake miongoni mwa ndoo za samaki ili asiniudhi, nilikuwa nimempelekea chombo cha kuhakikisha kama anasema kweli. Nililing'oa bomba kwa mikono yangu. Binti yangu alisimama mlangoni akiniangalia.

Asubuhi yake binti mdogo wa mama mkwe alikuja kutoka Buguruni kumchukua. Mama alipita ukumbini, ukaya umeshuka, nami nikasimama kando kama kawaida. Ningeweza kusema. Lakini desturi ambayo nilikuwa nimeikanyaga jana yake ndiyo niliyojifichia nyuma yake.

Radhi ilibidi niiombe kwa njia ileile niliyoidharau. Nilimwita mkaanga samaki, nikamtamkia maneno yangu polepole, nikamtaka ayarudie. Alikwenda Buguruni, akarudi jioni.

"Amesema hana neno."

"Alisema hivyo hivyo?"

"Nikupe kipimajoto, mzee?"

Alizipanga kuni zake, kisha akaongeza bila kugeuka: "Akasema pia kwamba Buguruni kuna upepo mzuri."

Sikumwomba ushahidi. Juzi binti yangu alinisogelea kwa adabu. Mashine imeanza tena kujizima, na chumba cha bibi kina dirisha kubwa linalofungukia uani. Je, asihamishie kazi zake mle?

Nilimwambia kile ni chumba cha watu.