Mama Nakala

Mama Nakala, fundi cherehani wa sare za shule, alipewa jina hilo kwa sababu ya bintiye. Sura ile ile, mwendo ule ule, hata kucheka kwa kuziba mdomo. Wateja wakimwona msichana kibandani husema, "Huyu si mtoto, ni nakala!" Naye mama mtu hujigamba mpaka anachosha.

Basi siku ya majibu ya uvimbe wa titi lake akaenda hospitali na bintiye. Tangu kwenye benchi kijasho chembamba kilikuwa kinamtoka, ila mbele ya mtoto akajitia ushujaa, akaanza kukosoa koti la daktari.

"Nani kakushonea hili, mwanangu? Pindo limevutwa."

Daktari, mwanamke kijana, akacheka, kisha akafungua faili.

"Mama, kuna jeni inaitwa HER2. Seli za kawaida huwa na nakala mbili tu. Seli za uvimbe wako zimejitengenezea nakala nyingi mno, na kila nakala inaagiza protini. Protini hiyo sasa imejaa juu ya seli, inaziamrisha zikue, zikue tu. Ndiyo maana uvimbe unakwenda kasi. Lakini ipo dawa inayoilenga protini hiyo hiyo..."

Weee! Mama hasikii tena. Jeni. Nakala. Kwake yeye jeni ni kitu cha kurithiwa, na aliyerithi kila kitu chake alikuwa kakaa hapo hapo, kamshikia mkoba. Akamtupia jicho mtoto kifuani, akageuza uso haraka. Ee Mungu, nimemtia nini huyu?

"Hebu nenda kaninunulie maji," akamwambia.

"Maji si haya hapa, mama?"

"Nimesema nenda!"

Mlango ulipofungwa akamgeukia daktari. "Usinifiche. Na yeye nimemwachia hizo nakala?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Hapana, mama. Hukuzaliwa nazo. Zimetokea ukubwani, ndani ya uvimbe tu. Hukumpa hata moja."

Mama akashusha pumzi ndefu. Kumbe muda wote alikuwa anamwogopea mtu mwingine; sasa hofu ikamgeukia yeye mwenyewe, na machozi yakaanza kumtoka.

"Na mimi?" akauliza kwa sauti ndogo. "Mimi nitapona?"

Daktari akaichukua tena kalamu. "Tuianze dawa, mama," akasema.

Nje, viatu vya binti vilisikika vinarudi, na mama hakuwahi kufuta machozi.