Mama mkwe aliwapa kuku kepsuli zangu, kisha akanifundisha maana ya chanjo

Wakuu, heshima kwenu, wenye mabanda na mnaosubiri mayai tu mezani.

Kuna mtu humu anashauri vifaranga wapewe antibayotiki kila wiki "kama kinga". Nimekasirika. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, sijatia chumvi.

Miaka ya sabini. Mimi binti wa Kasulu, form four nimemaliza, nimeolewa Murungu, Kibondo. Tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimebanana, kuku wa huyu wanalala kwa yule.

Nikajifungua Devota.

Kwetu mzazi haendewi mikono mitupu. Kila aliyekuja kumwona mtoto alikuja na kuku kwapani. Uwanja ukajaa. Raha!

Kumbe mmoja alikuja na ugonjwa.

Kuku wakaanza kusinzia, upanga wa kichwani umepauka, kinyesi kijani na njano. Sisi kila kifo cha kuku tuliita mdondo. Haukuwa mdondo. Ilikuwa homa ya matumbo ya kuku, ugonjwa wa bakteria. Kijiji kizima kilikuwa kinafungua kepsuli za rangi mbili, antibayotiki za binadamu, na kumwaga unga kwenye maji yao. Kwa kuwa ni bakteria, ukiwapa wanaamka. Ukiacha wanalala tena.

Wakati huohuo ziwa langu likavimba, gumu kama jiwe. Homa. Devota analia, kunyonya hawezi. Zahanati wakanipa kepsuli, nikaziweka kwenye kopo.

Asubuhi iliyofuata nafungua kopo. Tupu.

"Mama, dawa yangu iko wapi?"

Mama mkwe alikuwa anafagia, hata hakugeuka. "Kuku walizidiwa, Mama Devota. Si ni kuku wa mtoto?"

"Basi waite hao kuku wamnyonyeshe mjukuu wako!"

Nilipiga kelele mpaka majirani wakaacha majembe. Na zahanati dawa zimekwisha. Zote ziko tumboni mwa kuku!

Hapa ndipo ninapomvulia kofia yule mama. Alijifunga khanga yake, akaenda Kibondo mjini kwa miguu. Alirudi na kepsuli zangu, akasimama mpaka nikameza. Ziwa likapona, Devota akanyonya.

Na hakurudi peke yake. Nyuma yake alikuja bwana mifugo na baiskeli, kabeba chupa ya chai iliyojaa barafu. Humo ndani, chanjo.

Watu wakajaa na kuku wao.

"Nani kawapa kuku dawa?" akauliza. "Chanjo hii ni vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Dawa ikivikuta inaviua, na mimi nitakuwa nachoma maji."

Wote wakatikisa kichwa. Hakuna! Waliogopa kuku wao kurukwa wasichanjwe.

Mama mkwe akabeba chungu cha maji ya kuku wake, akakimwaga mbele ya wote.

"Wangu wamekunywa. Tena dawa ya mkamwana wangu, nilichukua bila kumwomba."

Bwana mifugo akawaruka wake, akachanja wa wengine. Jirani akacheka. "Bibi, umejikosesha!"

"Mimi nimekosa chanjo leo, mwana wanje, mwanangu. Wewe umechomewa maji."

Jirani akabeba kuku wake, akaondoka.

Tukabaki na kazi. Kuku wagonjwa tuliwaua na kuwafukia, nyama hatukugusa. Wazima wakanywa maji matupu, bila dawa. Bwana mifugo alipozunguka tena, wakachanjwa.

Ugonjwa uliporudi, wale waliodanganya walifukia kuku wengi, wakakimbilia tena kepsuli. Wetu walikuwa wanachakura tu. Sisemi chanjo inafanya kila kitu, usafi nao ulisaidia. Lakini dawa hatukuhitaji.

Nilipojifungua wa pili, wageni wakaja na kuku kwapani kama kawaida. Mama mkwe kasimama njiani.

"Huyu kachanjwa?"

Kama hapana, anafunikwa tenga nyuma ya nyumba, mbali na wenzake, mpaka bwana mifugo apite. Watu wakanuna, eti anadharau zawadi. Akawaambia: "Zawadi nimepokea. Ugonjwa rudi nao."

Kopo langu la kepsuli likakaa palepale, na halikuguswa.

Kwa hiyo wewe wa "kila wiki kama kinga": siku mwanao akiumwa na dawa ikagoma kwa sababu vijidudu vimeizoea bandani kwako, utamlilia nani? Chanja kuku, dawa waachie wagonjwa.

Njoo ujitetee hapa chini, nakusubiri. Na mwenye mama mkwe wa aina hii naye aseme, tumsifu wote.