Nusu ya Pili ya Maneno ya Kapa

Kapitolina Yegorovna, Kapa kwa waliomzoea, alikuwa na ulimi, na mji mzima ulijua. Mchana alikuwa kiwandani akikanda sufu ya viatu vya baridi mpaka viganja vikaota sugu. Jioni alikuwa Nyumba ya Utamaduni, safu ya nne, kiti cha pembeni, na hapo ndipo alipokuwa mtu hasa. Filamu zikiisha, watu walijikokota makusudi kwenye foleni ya kuchukua makoti ili wasikie Kapa atasema nini.

Na alisema. "Jamani, yule askari kapigwa risasi ya kifua, halafu anahutubia mpaka uji wa wenzake unapoa! Na kola yake nyeupe pee. Nani alimpigia pasi huko handakini?" Ikiletwa filamu ya wasichana wa matrekta, ndiyo kabisa. "Wanaimba tu. Wanalima saa ngapi? Na hiyo poda usoni, vumbi linaiogopa?" Watu walicheka mpaka wakakosea mikono ya makoti yao.

Lakini aliyemjua vizuri alijua jambo jingine. Kapa hakuweza kusifu moja kwa moja, kama vile sifa zilimkwama kooni. Filamu aliyoipenda aliitukana kwanza: ndefu, kimya mno, imemuumiza kichwa. Kisha angenyamaza, afunge mtandio wake wa sufu, aseme polepole, "Lakini yule mama pale stesheni, alivyoificha mikono yake mtoto asiione..." Hapo ungejua imemwingia. Filamu mbovu zilipata matusi peke yake. Nzuri zilipata matusi na nusu ya pili.

Aliishi kwenye bweni la mbao la kiwanda, chumba kimoja, na binti yake Lyusya wa miaka tisa. Mume alikwenda Siberia kutafuta maisha, akayapata, pamoja na mke mwingine. Ukuta wa upande wa kitanda cha Lyusya ulitoka maji majira yote, na mtoto alikohoa mpaka majirani wakaacha kulalamika, wakaanza kumwonea huruma, na hilo lilimtisha Kapa kuliko malalamiko. Nyuma ya bafu la mji lilikuwa limemalizika jengo jipya la matofali, la nyumba za wafanyakazi. Kapa alipita hapo kila siku bila kuligeukia, akijifanya halimhusu.

Kwa hiyo alipoitwa ofisini kwa Pleshkov, mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi iliyogawa nyumba, alikwenda bila hata kuvua aproni.

"Kaa, Kapitolina Yegorovna. Kifua cha binti kinaendeleaje?"

"Anakohoa, Arkadi Nikanorovich. Ukuta unatoka maji."

"Najua, najua. Jengo jipya limekauka vizuri. Kuna nyumba moja ghorofa ya pili, upande wa jua." Alichezea kifuniko cha kalamu. "Alhamisi inaletwa filamu kutoka Moscow. Bado haijaruhusiwa kuonyeshwa. Wakubwa wanataka kusikia wafanyakazi wanasemaje, na mwongozaji mwenyewe atakuwepo. Wewe utasema wa kwanza."

"Niseme nini?"

"Hee! Wewe ndiwe wa kuniuliza mimi? Sema kama unavyosema siku zote. Filamu gani imewahi kukupendeza wewe?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Ni filamu ya huzuni. Watu wetu wana haja gani na huzuni? Au nasema uongo?"

Kapa hakutajiwa sharti lolote, na wala halikuhitaji kutajwa.

"Shoga, una bahati kama nini!" alisema Frosya, jirani yake wa bweni aliyefanya naye kazi, huku akikata kabichi. "Watu wanahonga, wewe unaambiwa utukane. Si ndiyo kazi yako? Tukana, mwaya, ukaoge ndani ya nyumba yako kama malkia."

"Na kama ni nzuri?"

"Filamu nzuri itamkoholea Lyusya usiku?"

Kapa alimsogezea kabichi nyingine. Kwa siku zile zote alitamani kitu ambacho hajawahi kukitamani maishani, filamu iwe mbovu. Iwe na poda, iwe na nyimbo, iwe na meza ya karamu yenye matikitimaji. Aliandaa matusi yake akiwa kazini, akayakanda pamoja na sufu.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Safu ya mbele walikaa wageni wa mkoa, na pembeni yao mwanamume mwembamba mwenye sweta lililochakaa viwiko. Huyo ndiye mwongozaji, Ostrogin. Alikaa kama mtu aliye kwenye benchi la hospitali. Taa zikazimwa.

Haikuwa na poda. Ilikuwa ni majira ya kuchipua, wakati wa vita, kijiji hakina mwanamume wala farasi. Wanawake wamejifunga kamba kifuani wanakokota plau. Mmoja anaanguka, na wenzake hawasimami, kwa sababu wakisimama hawataweza kuanza tena. Anainuka mwenyewe, anawakimbilia, anajifunga kamba yake. Adhuhuri wanakaa kwenye udongo kula mikate ya majani, halafu mmoja wao, bila sababu yoyote, anaanza kucheka, na wote wanacheka mpaka wanalala chali.

Kapa alishika mgongo wa kiti cha mbele. Alikuwa na miaka ishirini majira yale, naye alijifunga kamba kama ile. Aliyeanguka kwao aliitwa Marfa, na hakuinuka. Hilo Kapa hakuwahi kumsimulia Lyusya wala mtu mwingine, kwa kuwa tangu vita viishe hakuna aliyemuuliza, na kwenye filamu zote alizotazama hakuna mahali lilipotajwa. Alifikiri labda lilitokea kwao tu. Sasa lilikuwa ukutani, kubwa kama nyumba. Ukumbini kawaida ungesikia watu wakibangua mbegu za alizeti toka mwanzo hadi mwisho. Leo hapakusikika hata moja.

Taa zilipowashwa, Pleshkov alikuwa tayari ameketi jukwaani na wageni, nyuma ya meza yenye kitambaa chekundu. "Ndugu Kapitolina Yegorovna Sychyova ataanza. Karibu, ndugu."

Alisimama. Na hapo, katika hatua chache za kufika jukwaani, akapata akili iliyomfurahisha. Atafanya kama anavyofanya siku zote! Kwanza matusi, Pleshkov apate chake, Lyusya apate ukuta mkavu. Kisha nusu ya pili, na huyu mwenye sweta apate chake. Nani atamlaumu? Mji mzima unajua ndivyo anavyoongea.

"Mimi nitasema wazi," alianza, na sauti ilimtoka ngumu. "Filamu hii inachosha. Giza tupu. Hakuna wimbo, hakuna hata samovari ya chai mezani. Mtu ametoka kazini, miguu imevimba, anataka apumzike, wewe unamletea udongo na kamba! Mara mbili nilitaka kuinuka niende zangu. Nimeumwa na kichwa, nimeumwa na moyo. Nani anataka kutazama haya?"

Akanyamaza. Ndicho kituo chake, mahali pa kufunga mtandio. Watu wa safu za nyuma waliinua shingo, kwa maana waliijua namna yake na walikuwa wakisubiri. Frosya alikuwa analia waziwazi. Kapa akavuta pumzi. Neno "lakini" lilikuwa tayari mdomoni.

Pleshkov akapiga makofi.

Meza nzima ikapiga makofi. Na meza ikipiga makofi, ukumbi unapiga. Hakuna aliyefundishwa, na hakuna asiyejua. Walipiga wanawake wa kukanda sufu, wakapiga mafundi, hata Frosya alipiga, machozi yakimshuka mpaka kidevuni. Kapa alisimama katikati ya kelele hizo mdomo wazi. Angeweza kungoja. Makofi yana mwisho, na hakuna aliyemshika mkono.

"Ahsante sana, ndugu Sychyova," Pleshkov alisema kwa upole. "Kaa."

Alimtazama Pleshkov. Akafikiria ghorofa ya pili, upande wa jua. Akakaa.

Waliomfuata walikuwa na kazi rahisi. Kila mmoja alianza, "Kama alivyosema ndugu Sychyova..."

Kwenye foleni ya makoti watu hawakumzunguka kama siku zote. Walijitazamia viatu. Ostrogin ndiye aliyemjia, koti lake mkononi. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Samahani, mama," alisema. "Nilikuwa nakutazama usoni. Wewe ulikuwa hujamaliza."

Hatua moja nyuma yake Pleshkov alikuwa akivaa glavu, taratibu sana, kidole kimoja baada ya kingine.

"Nilimaliza," alisema Kapa.

Yule mtu aliitikia kwa kichwa, akavaa koti, akatoka. Filamu yake haikuonekana tena, mji ule wala mwingine.

Theluji ilipoyeyuka Kapa alihamia ghorofa ya pili. Ukuta ulikuwa mkavu, jua liliingia mpaka kitandani, na kabla ya mavuno Lyusya aliacha kukohoa. Kapa aliushika ukuta ule kwa kiganja kila asubuhi, na hakuwahi kusema kwamba anajuta, kwa sababu angesema uongo, na angesema pia uongo kama angesema hajuti. Baadaye walinunua televisheni. Frosya alipanda ngazi na mbegu zake za alizeti, na majirani wengine wakaleta viti vyao, wote wakimngojea kama zamani.

Askari akapigwa risasi ya kifua. Akahutubia, kola nyeupe pee. Frosya akajikaza asicheke mapema, akamgeukia.

"Haya, shoga! Sema!"

Kapa alikuwa anatazama viganja vyake.

"Nzuri," alisema. "Filamu nzuri."